Punje za mchele kwenye mkeka wa paka

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tanga mjini, nyumba moja na mama mkwe. Tuna paka jike anaitwa Zabibu. Alizaa watoto wanne, na sasa wako wiki ya 7. Wiki iliyopita mmoja alikufa. Tumbo lilikuwa limemjaa kama puto huku mbavu zinahesabika, na usiku ule kabla hajafa alitapika vitu kama tambi nyeupe, vikawa vinajikunja sakafuni. Wanangu waliona. Mkubwa bado anaviota.

Kuna mwingine, mdogo kuliko wenzake, naye tumbo limeanza kumvimba. Zabibu mwenyewe anakula vizuri na amenenepa, ila ninaona punje kama za mchele zimekauka chini ya mkia wake na kwenye mkeka anapolala. Zikiwa bado mbichi zinajivuta. Wiki mbili zilizopita jirani aliniambia nimpe nusu kidonge cha albendazoli, kile wanachopewa watoto shuleni, nikampa ndani ya dagaa. Punje hazikuisha. Jirani huyohuyo sasa anasema nisage kitunguu saumu na mbegu za papai. Mume wangu naye amenunua chupa ya dawa nyeupe ya mbuzi kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji akamwambia akisie kijiko kimoja. Sijaifungua.

Mama mkwe anataka wote wakaachwe sokoni. Anasema mjukuu wake, huyu wangu wa mwisho wa miaka miwili, amepata minyoo kwa paka, kwa sababu usiku hulia na kujikuna sehemu ya haja kubwa. Ni kweli mtoto hucheza kwenye lundo la mchanga wa ujenzi uani na hutia mchanga mdomoni, na paka hujisaidia hapohapo. Pia anasema tumewadekeza paka kwa maziwa na sukari, ndiyo maana wakaingiwa na minyoo.

Sitaki kuwatupa. Lakini sitaki pia mwanangu aumwe. Nifanye nini?

Mama Watatu, Tanga


Marahaba, mwanangu. Pole kwa yule aliyekufa, na nimpe pole pia mwanao mkubwa. Mwambie kwamba hakuna mtu aliyemkosea yule paka. Aliupata ugonjwa tangu siku zake za kwanza, na haukuonekana mpaka ulipokuwa umemzidi.

Kabla hujasoma zaidi, mchukue yule mdogo umfunue mdomo. Fizi zikiwa na rangi ya waridi na bado anawakimbilia wenzake, unaweza kusubiri hadi kesho asubuhi. Zikiwa zimepauka, au anatapika, au amejilaza tu pembeni, ondoka naye leo hii uende kwa daktari wa mifugo. Utumbo wa paka wa umri huo ni mwembamba, minyoo wakiwa wengi wanaweza kuuziba, na mwili mdogo hivyo hauna akiba ya damu wala ya maji. Wengine watatu, yaani Zabibu na watoto wawili waliobaki, wapeleke pia, lakini wao hawana haraka ya saa.

Sasa tuzungumze. Umeandika "minyoo" kama neno moja, na jirani, mumeo na mama mkwe nao wamelichukua hivyohivyo. Mimi nikiisoma barua yako naona minyoo wa aina tatu, walioingia nyumbani kwako kwa njia tatu. Angalia kilichotoka, maana ndicho kitakachokuonyesha kilipoingilia.

Zile tambi zilizojikunja sakafuni ni minyoo duara, wale ambao kitaalamu huitwa toksokara. Aliyekomaa anaweza kufika sentimita 10, rangi yake ya maziwa, ncha zake zote mbili zimechongoka. Watoto wa paka huanza kuwapata kwa kunyonya. Viluwiluwi vya minyoo hawa huwa ndani ya mwili wa mama, hupita kwenye matiti na kushuka pamoja na maziwa, ndiyo maana paka mnene mwenye afya kama Zabibu huweza kulea watoto wenye vitambi. Kwa hiyo mama mkwe aliposema maziwa, hakuwa mbali sana na ukweli, isipokuwa ni maziwa ya Zabibu mwenyewe. Ya ng'ombe hayaleti minyoo hawa, na sukari haimzai mnyoo yeyote. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutowapa. Usiwakatishe watoto kunyonya kwa hofu, wiki ya 7 hii wako karibu kuacha wenyewe.

Dawa inayotumika sana kwa tambi hizo ni piranteli. Iko ya maji kwa ajili ya wadogo, na tunaianza mapema, mtoto akiwa na wiki 3, kisha tunairudia kila baada ya wiki 2 hadi wiki 2 baada ya kuachishwa kunyonya. Baada ya hapo ni mara moja kila mwezi mpaka wafikishe miezi 6. Mama mtu hupewa dawa siku ileile wanayopewa watoto. Nakusihi uishike ratiba hii kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi liko hapa: dozi ya kwanza inatolewa, tambi zinaonekana kwenye kinyesi, nyumba nzima inafurahi, basi. Ile dozi imewaua waliokuwa utumboni siku hiyo tu. Wanaokuja na maziwa kesho, na mayai ambayo watoto wanayalamba sakafuni na kwenye manyoya ya mama yao, watajaza nafasi ileile. Watoto wako wamefika wiki ya 7 bila dozi hata moja, kwa hiyo mnaanza mkiwa nyuma, lakini mnaweza kufika.

Punje za mchele ni jambo jingine kabisa. Hivyo ni vipande vya tegu. Kikiwa kibichi kinafanana na mbegu ya tango na hujivuta kama ulivyoona, kikikauka kinakuwa punje. Ndani ya kila kipande mna mayai, na mayai hayo yakianguka mkekani hayawezi kumwingia paka moja kwa moja. Lazima kwanza yaliwe na mtoto wa kiroboto, ambaye wakati huo ni kifunza kidogo cheupe kinachoishi kwenye vumbi na nyufa. Kifunza kikikua kikawa kiroboto anayeruka, tegu mchanga yumo ndani yake. Paka akiumwa hujitafuna manyoya, akammeza kiroboto, na baada ya wiki 2 au 3 punje zinaanza tena chini ya mkia.

Ndiyo maana nikiona punje naona viroboto, hata mwenye paka akiniapia kwamba wake hana. Jaribu hivi jioni: chukua kitana chembamba, mchane Zabibu kiunoni karibu na mkia juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vikidondoka vitu vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na vikiguswa na maji vikaacha rangi ya kahawia yenye wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wako. Mwite mama mkwe aone.

Kidonge ulichompa, basi, hakikuwa bandia. Albendazoli haimwezi tegu huyu wa viroboto. Inayomweza ni praziquanteli, na madaktari wa mifugo wana vidonge vya paka vyenye praziquanteli na piranteli pamoja, ambavyo vingi huruhusiwa kwa watoto kuanzia wiki ya 6. Na ningekuomba albendazoli usimpe tena. Kidonge cha shuleni kina miligramu 400, nusu yake ni 200, na kwa paka wa kilo 3 hiyo ni nyingi mno. Dawa hii imewahi kuwadhuru paka kwenye uboho, pale damu inapotengenezwa, na kwa paka mwenye mimba inaweza kuharibu watoto tumboni. Wiki mbili zimepita na Zabibu anakula, kwa hiyo sikutii hofu, ila mtajie daktari.

Chupa ya mbuzi irudi dukani. Mara nyingi dawa hizo nyeupe ni albendazoli ileile, na nguvu zinatofautiana, kuna ya asilimia 2.5 na ya asilimia 10. Kijiko cha chai cha hiyo ya pili kina miligramu 500. Nyingine zina levamisoli, ambayo kwa paka dozi ya kuponya na dozi ya kudhuru ziko karibu mno. Muuzaji aliyesema "kisia" hakumjua paka wako ana kilo ngapi, na hakuuliza. Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu najua dawa ya paka huwa ghali na ya mbuzi iko mkononi. Hata praziquanteli ya kichocho, ya watu, kidonge chake ni miligramu 600, wakati paka wa kilo 3 anahitaji kama 15. Utakigawa mara arobaini kwa kisu gani? Mpime Zabibu: panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Watoto wapime kwenye mizani ya dukani, ndani ya kikapu. Nenda kwa daktari na namba hizo kwenye karatasi.

Kitunguu saumu usimpe kabisa, si kibichi, si kilichopikwa. Jamii yote ya vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na hawa wadogo wako damu yenyewe ni ya kuhesabu. Mbegu za papai hazina kipimo kinachojulikana kwa paka, nazo ziache.

Siku ya kutoa kidonge, mfunge Zabibu kwenye khanga kuukuu, miguu yote ndani, kichwa nje. Weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, msugue koo taratibu, kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Praziquanteli ni chungu, akiitafuna atatoa povu jingi mdomoni. Wengi hushtuka hapo wakadhani amekula sumu. Ni uchungu tu, utaisha. Tegu hutamwona akitoka, kwa kawaida husagwa humohumo tumboni. Minyoo duara huwa unawaona, kwa hiyo watoto wako wawe mbali na kinyesi cha siku ile, hasa yule anayeota.

Lakini praziquanteli haibaki mwilini kulinda. Usipowashughulikia viroboto, mwezi ujao utaniandikia tena kwamba dawa haifanyi kazi. Viroboto unaowaona juu ya paka ni wachache. Wengi wako kwenye mkeka, chini ya makochi, kwenye nyufa za sakafu, wakiwa mayai na vifunza, na wale walio ndani ya vifuko vyao wanaweza kukaa humo miezi wakisubiri. Mkeka anaolalia Zabibu ningeuchoma moto, kisha nimpe kitambaa kinachofulika, na kila wiki kichemshwe na kuanikwa kwenye jua kali. Fagia kila siku, hadi pembeni mwa kuta na chini ya vitanda, taka zitoke nje ya nyumba mara moja. Watoto wa paka wachane kila jioni na kitana uzamishe viroboto kwenye maji ya sabuni. Zabibu atahitaji dawa ya viroboto ya paka, kama matone ya fipronili yanayowekwa shingoni, kwa kipimo cha daktari, na uendelee nayo miezi kadhaa hata baada ya kuona wametoweka.

Tafadhali, mwanangu, nisikilize hapa. Usimwoshe paka kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Usimpake unga wa kuulia wadudu wa mazao. Usimtilie dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini au ndugu zake, na ini la paka halina uwezo wa kuzivunja kama la mbwa. Nimewashika mikononi paka walioletwa wakitetemeka, mate yanawatoka, degedege haliwaachi, na waliowapaka ni watu waliowapenda. Wengine sikuweza kuwaokoa. Paka pia hujilamba, chochote unachokiweka kwenye manyoya umekiweka mdomoni mwake.

Sasa mjukuu. Mtoto anayejikuna usiku sehemu ya haja kubwa mara nyingi ana minyoo ya uzi, na hao hawatoki kwa paka hata kidogo. Hutoka kwa watu. Mnyoo jike hutoka nje usiku kutaga mayai, mtoto anajikuna, mayai yanakaa chini ya kucha, yanarudi mdomoni au yanaenda kwa dada yake wanayelala naye shuka moja. Mpeleke zahanati, akipewa dawa ulizia na nyumba nzima, pamoja na bibi, kisha dozi irudiwe baada ya wiki 2. Mkate kucha, mwoshe kila asubuhi, fua mashuka. Ukiona punje za mchele kwenye nepi yake hilo ni jingine, maana mtoto mdogo akimeza kiroboto naye anaweza kupata tegu. Hutokea mara chache na lina tiba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lile lundo la mchanga. Hapo mama mkwe ana haki, na mwambie nimesema hivyo. Mayai ya toksokara yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji wiki 2 hadi 4 kwenye udongo ndipo yakomae, na yakishakomaa yanadumu humo miaka. Mtoto akiyala, viluwiluwi haviwi minyoo tumboni mwake, vinatangatanga mwilini, kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine kwenye jicho, ambako vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Ila ukiwa zahanati sema wazi kwamba anakula mchanga na mna paka, na kama ana homa isiyoeleweka, kikohozi kisichoisha au jicho moja linakwenda upande, useme na hayo. Kula mchanga kwenyewe pia kunastahili kuchunguzwa, wakati mwingine ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma.

Leo hii mumeo akafunike lundo lile kwa turubai, kingo zote akandamize kwa matofali. Mchanga wa juu ulioshachafuliwa usirudi kuchezewa, wautumie kwenye zege. Paka wape beseni lao la mchanga mahali penye kivuli, na kinyesi kitolewe kila siku, kabla mayai hayajapata muda wa kukomaa. Kitupe kwenye choo cha shimo, usikitie kwenye bustani ya mchicha. Beseni na sakafu ya saruji mwagia maji yanayochemka. Dawa ya madoa yenye klorini inaondoa harufu, mayai haya ganda lao ni gumu na hayaogopi.

Fizi zilizopauka nilizokuambia uziangalie mwanzoni zinaweza pia kuletwa na minyoo wa safura, wale wanaonyonya damu. Piranteli inawaua hao vilevile. Viluwiluwi vyao hupenya ngozi kwenye udongo wenye unyevu, kwa hiyo watoto wavae ndala uani.

Kuhusu kuwapeleka sokoni. Mwambie mama, kwa heshima, kwamba Zabibu akiondoka mayai yatabaki mchangani, viroboto watabaki mkekani na kuanza kuwauma ninyi, na kabla ya mwezi paka wengine wa mtaani watakuja kujisaidia uani palepale, ambao hakuna atakayewapa dawa. Paka mnayemjua, mwenye ratiba, ni salama zaidi kwa mjukuu wake kuliko wale. Watoto wake watakapokuwa wamepita miezi 6, dawa kwao na kwa Zabibu itakuwa kila miezi 3, na kama Zabibu anakamata panya, dawa ya tegu iwe ya karibu zaidi, kwa sababu kuna tegu mwingine anayepatikana kwenye panya. Utumbo wa kuku na samaki wapikieni. Na mnapokuwa kwa daktari ulizieni chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka nao huupata, na kumfunga Zabibu kizazi, kwa kuwa anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hawa hawajaacha kunyonya.

Ningependa mama mkwe mwende naye. Amelea watoto, anajua kushika kitu kidogo kinachopiga mateke, na akiona kwa macho yake daktari anavyowapima ataamini kuliko nikimwandikia mimi. Baada ya wiki 2, siku ya dozi ya pili, wapime tena wote na uniandikie uzito wao. Wa yule mdogo uandike wa kwanza.